Ujumbe Utangulie Jembe

Machi ikielekea ukingoni, simu za wakazi wa Kibomet, pale Kitale, hazikai kimya. Sacco inatangaza mkutano mkuu wa mwaka. Chama cha ushirika kinaarifu kwamba mbolea imefika. Duka la pembejeo linasifia mbegu mpya, shule inakumbusha karo, na wakopeshaji wa mitandaoni nao wana lao. Mkulima anayengoja mvua ishike apande hufungua jumbe mbili tatu, huona ni yale yale, na zilizobaki huzifuta. Kati ya hizo alizofuta, pengine mmoja ndio uliokuwa wake hasa: ghala la kuchukulia mbolea limebadilishwa, na siku ya mwisho ni kesho.

Mashirika ya eneo hili hayana uhaba wa habari. Kitale ni makao ya Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1956, na kituo cha utafiti cha mji huo, ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kilitoa baadhi ya mahindi chotara ya kwanza ya Kenya miaka ya 1960. Bungoma ndiko One Acre Fund, shirika linalowakopesha wakulima pembejeo, lilikoanzia mwaka 2006 likiwa na familia 38 tu. Ongeza hospitali, vyuo, ofisi za kaunti na makanisa: kila moja ina kabati na kompyuta iliyojaa. Kinachokosekana ni njia ya kuitoa habari kabatini ikamfikia anayeihitaji angali na nafasi ya kuitumia.

Njia hiyo ina kanuni zake, na bahati nzuri nyingi zimejaribiwa karibu na hapa: Busia, Mumias, Eldoret. Meneja wa sacco, katibu wa ushirika, msimamizi wa hospitali au mwalimu mkuu anaweza kuziazima bila kununua mtambo wowote.

Kalenda ya maamuzi kwanza

Ofisi nyingi huanza kwa kujiuliza zina nini cha kutangaza. Swali lenye faida ni jingine: nani ataamua nini, na lini?

Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, ana maamuzi makubwa machache kwa mwaka. Novemba na Desemba, mavuno yakiwa yametoka shambani, anaamua atauza magunia mangapi na pesa zitaenda wapi. Januari na Februari anaamua atalima ekari ngapi na atapanda mbegu gani. Kuanzia mwisho wa Machi anapanda. Mahindi yakifika magotini anatia mbolea ya kukuzia. Kila uamuzi una siku zake, na siku hizo zikipita, tangazo zuri kuliko yote halina kazi. Habari ya mkopo wa mbolea ya kupandia inayofika Mei haimsaidii mtu.

Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilipima jambo hili Busia, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011. Wakulima walitembelewa mara tu baada ya mavuno, mifuko ingali na chochote, wakapewa nafasi ya kulipia mbolea siku hizo na kuletewa baadaye bila kutozwa usafiri. Waliotumia mbolea wakaongezeka sana. Nafuu hiyo ndogo, kwa kuwa ilikuja saa yake, ilifanya kazi sawa na kupunguza bei ya mbolea kwa nusu wakati wa kuitia shambani. Duflo na Kremer walipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee, kazi zao za Kenya magharibi zilikuwa sehemu ya sifa hiyo.

Mfano mwingine unajulikana na kila mtu wa eneo hili. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia Kenya kupitia magharibi na kushambulia mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma. Mayai ya mdudu huyu huanguliwa kwa siku chache tu, na kiwavi hula kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuingia ardhini. Akiwa mdogo dawa humwua kwa urahisi. Akishakua na kujificha ndani ya majani machanga ya katikati, dawa haimfikii. Taarifa ya maafisa ugani inayopitia meza nne ikisubiri sahihi, na kutoka baada ya wiki tatu, humkuta kiwavi ameshaingia ardhini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuketi na daftari na kuchora safu tano: nani, anaamua nini, lini, anahitaji kujua nini, na nani ofisini atamwarifu. Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Ikiandikwa "ofisi itatuma", hakuna atakayetuma. Liandikwe jina la mtu, na la wa pili atakayeshika zamu wa kwanza akiugua au akienda likizo.

Daftari hilo hilo linafaa shuleni na hospitalini. Mzazi wa mwanafunzi wa bweni anahitaji kujua siku ya kufunga shule kabla hajaamua nauli aitoe wapi. Mgonjwa anayetoka Endebess anahitaji kuambiwa kwamba kliniki yake imeahirishwa kabla hajapanda matatu, si akiwa dirishani pa kadi.

Orodha tatu badala ya moja

Ujumbe mmoja kwa wanachama wote ni rahisi kutuma na rahisi kupuuzwa. Anayepokea mara tano habari zisizomhusu hataisoma ya sita.

Hata hivyo kugawa watu kwa kata au kaunti pekee hakutoshi. Mbegu ni ushahidi mzuri. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bungoma mita 1,400 hivi. Mahindi ya mfululizo wa 600, kama H614, yalitengenezewa nyanda za juu na hukaa shambani miezi sita hadi minane. Yale ya mfululizo wa 500, kama H513, ni ya miinuko ya wastani na huwahi kukomaa, jambo linalomfaa mtu wa Kanduyi, Bungoma, anayetaka kupanda tena mvua za mwisho wa mwaka. Sasa mkulima wa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, yumo kaunti ya Bungoma lakini shamba lake linafanana zaidi na la Kitale. Orodha iliyopangwa kwa mipaka ya kaunti itampa ushauri wa jirani yake wa bondeni.

Tena watu wasigawanywe kwa mahali tu. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipowatumia wakulima wake wa miwa jumbe fupi za ushauri zilizofuata umri wa miwa ya kila shamba, Lorenzo Casaburi, Michael Kremer na wenzao waliona mavuno yakipanda kwa asilimia 11.5 kuliko ya wasiotumiwa. Walipochimba zaidi wakagundua faida hiyo iliwaangukia hasa wale ambao hawakuwa wamepata mafunzo ya kilimo na ambao hawakuonana mara kwa mara na watumishi wa kampuni. Aliyekuwa anajua tayari hakuongezewa kitu.

Hilo lina maana kubwa kwa chama chenye bajeti ndogo. Mwanachama anayehudhuria kila mkutano na kumjua meneja kwa jina la utani hahitaji ujumbe wa tatu. Anayeuhitaji ni yule wa pembeni, asiyeonekana ofisini, na kwa kawaida ndiye ambaye namba yake ya simu kwenye rejista imepitwa na wakati. Usafishaji wa rejista kabla ya msimu, namba moja baada ya nyingine, ni kazi ya kuchosha ya siku mbili tatu inayolipa kuliko programu yoyote mpya.

Orodha tatu zinatosha kuanzia: wanachama wapya, wanachama wa kawaida, na wenye jambo mahususi linalowangoja, kama mkopo unaokaribia kuiva au mzigo ulio ghalani. Chama chenye orodha kumi na mbili huishia kutumia moja, maana karani hakumbuki nyingine ni za nini.

Karatasi mezani kwa daktari

Mazungumzo kuhusu habari za shirika mara nyingi huishia kwa wateja na wanachama. Wafanyakazi wa ndani husahauliwa, ingawa hao ndio wanaofanya maamuzi mengi zaidi kwa siku.

Eldoret, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Kitale, ndiko makao ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na vyuo vya ng'ambo vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ulianza huduma za VVU mwaka 2001 na ukaenea hadi Kitale, Webuye na Naitiri. Mwaka 2006 ulianza kutumia OpenMRS, mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Habari zilikuwa nyingi kompyutani, lakini mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni hakuwa na dakika za kuzipekua ili ajue nani amechelewa kupimwa CD4, kipimo cha kuonyesha nguvu ya kinga ya mwili.

Jawabu lilikuwa karatasi. Kompyuta ilichapisha muhtasari wa mgonjwa kabla hajaonwa, ukatiwa kwenye faili lake, na pale kipimo kilipokuwa kimechelewa karatasi ilisema hivyo wazi na kumtaka mhudumu akiagize. Utafiti ulioongozwa na Dkt. Martin Were na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika kliniki yenye karatasi hizo, kipimo kiliagizwa kwa asilimia 53 ya waliostahili, ikilinganishwa na asilimia 38 katika kliniki isiyokuwa nazo. Pale ambapo karatasi ilichapishwa kweli, kiwango kilifika asilimia 63.

Tofauti kati ya 53 na 63 inafaa kukodolewa macho na kila meneja. Mpango wa karatasi ulikuwa ule ule na wahudumu wale wale. Kilichopungua ni karatasi yenyewe kuwemo ndani ya faili. Shirika linaloweka mpango mzuri wa kukumbushana halafu likaacha printa bila wino limelipia mpango mzima na kupata sehemu yake.

Miaka miwili baadaye kundi hilo lilichapisha matokeo ya watoto. Wagonjwa 1,611 walihusika. Kazi zilizochelewa, kama vipimo na picha za kifua, zilikamilishwa kwa asilimia 68 pale mhudumu alipokumbushwa, dhidi ya asilimia 18 pale ambapo hakukumbushwa. Maagizo pia yaliwahi: wastani wa siku 77 dhidi ya 104. Wahudumu hawa walikuwa na ujuzi kamili. Walichopewa ni jambo walilolijua, likiwa limeandikwa kwa jina la mgonjwa aliyeketi mbele yao dakika hiyo.

Ushirika wa maziwa unaweza kufanya vivyo hivyo kwa karatasi moja asubuhi. Anayepokea maziwa kituoni apewe orodha fupi kabla mikebe haijafika: nani maziwa yake yalikataliwa wiki hii na kwa sababu gani, nani hajaleta kwa siku tatu, nani ana hundi inayomngoja. Mwanachama anapofika na mkebe wake, mpokeaji anazungumza naye jambo lake, hapo hapo. Ripoti ya mwezi yenye kurasa 20 inayokwenda kwa bodi haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa bodi haisimami kituoni alfajiri.

Ripoti ya bodi nayo ipunguzwe kwa kipimo hicho. Wajumbe hukutana kuamua mambo machache: riba, gawio, ununuzi mkubwa, ajira. Ukurasa wa kwanza useme yapi yanaamuliwa leo na takwimu zipi zinahusika. Mengine yawe viambatisho, na yafike siku saba kabla, si mlangoni pa mkutano.

Sentensi ya kwanza ibebe mzigo

Huu hapa ujumbe wa aina inayotumwa kila msimu: "Ndugu mwanachama, uongozi ungependa kuchukua nafasi hii kukujulisha kwamba kufuatia kikao kilichofanyika hivi karibuni, maandalizi ya ugavi wa pembejeo yamekamilika na utaratibu utatangazwa." Maneno 23, na msomaji hajui aende wapi wala lini.

Ungeweza kuandikwa hivi: "Mbolea yako ya kupandia, mifuko 4, iko ghala la Kibomet. Njoo Jumanne 18 Machi, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Beba kitambulisho. Ukikwama jibu SHIDA."

Wa pili unaingia katika herufi 160, kiasi cha SMS moja, kwa hiyo chama kinalipia ujumbe mmoja badala ya mbili. Unataja kitu, idadi, mahali, siku, saa, cha kubeba na cha kufanya mambo yakiharibika. Karani akitaka mfano wa kufuata asiutafute mbali. Ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, humwambia mtu ametuma kiasi gani, kwa nani, tarehe na saa ngapi, amebakiwa na ngapi, na humfikia pesa zikitoka. Ndiyo maana hata asiyependa kusoma huusoma.

Serikali imekwenda njia hiyo katika mbolea ya ruzuku. Mkulima aliyesajiliwa hupata vocha kwa simu yenye hesabu ya mifuko yake, ambayo kuanzia Agosti 2023 iliuzwa shilingi 2,500 kwa kilo 50. Ushirika ulio karibu na mwanachama una nafasi ya kuongeza kile ambacho mtambo wa Nairobi haukioni: leo foleni ikoje ghalani, na lori la mzigo mwingine linatazamiwa lini.

Lugha ichaguliwe kwa kumtazama msomaji. Kiswahili kinatosha kwa wengi wa Kitale, mji wenye Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wapokot, Waturkana na wengine wengi. Istilahi za ofisini ndizo zinazozuia. "Pembejeo" kwa mtu wa sokoni ni mbegu, mbolea na dawa. Basi iandikwe mbegu, mbolea na dawa. Kabla ya kutumwa kwa watu 800, ujumbe usomewe watu watatu wasiofanya kazi ofisini, kisha waulizwe watafanya nini baada ya kuusikia. Wawili wakitoa majibu tofauti, uandikwe upya.

Mlango wa kujibu

Kati ya mwaka 2007 na 2009, kliniki tatu za Kenya zilifanya jaribio lililokuja kujulikana kama WelTel. Kila wiki muuguzi aliwatumia wagonjwa walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza, alipigiwa simu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010: kati ya waliotumiwa, 168 kati ya 273 walizitumia dawa zao ipasavyo; kati ya wasiotumiwa, 132 kati ya 265. Hiyo ni asilimia 62 dhidi ya 50.

Ujumbe huo haukufundisha chochote kuhusu dawa. Ulifungua njia ya mgonjwa kusema, na upande wa pili alikuwepo mtu wa kusikiliza. Isitoshe, hata simu ikiokotwa na jirani, neno "Mambo?" halimwambii ugonjwa wa mtu.

Mumias nako kulifanyika jaribio la upande huo. Wakulima walipopewa namba ya kupiga kueleza kwamba mbolea waliyoahidiwa haijafika, ucheleweshaji ulipungua kwa takriban moja kwa tano. Hapa habari ilitoka shambani ikaenda ofisini, na aliyeihitaji zaidi alikuwa msimamizi wa malori. Mashirika mengi hujenga barabara ya kushuka tu, kutoka juu kwenda chini, huku makosa yanayowagharimu yakijulikana na watu wa chini ambao hawana pa kuyasemea.

Lakini namba ya malalamiko isiyopokewa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Kabla ya kuitangaza, shirika liamue mambo matatu: nani anapokea, saa zipi, na jibu litolewe ndani ya muda gani. Kwa chama kidogo, mtu mmoja kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, na daftari la kuandika kila simu, vinatosha. Daftari hilo lisomwe kila Ijumaa na mwenye uwezo wa kuagiza lori.

Simu, redio na ubao wa ghalani

Hakuna njia moja inayofaa yote. Habari ya mtu mmoja, kama salio au mzigo wake, iende kwa SMS. Habari ya dharura ya eneo zima, kama viwavi kuonekana Kwanza au Kiminini, iende kwa redio: Sulwe FM humfikia msikilizaji wa Kibukusu akikamua ng'ombe, bila bando. Jambo linalohitaji maswali, kama kubadili aina ya mbegu, liende kwenye kikundi au baraza. One Acre Fund ilikua kwa mafunzo ya vikundi shambani, watu wakipima kwa kamba nafasi ya sentimita 75 kwa 25 na kuulizana papo hapo. Kipimo kama hicho hakieleweki kwa ujumbe mfupi peke yake.

Grupu ya WhatsApp inafaa kamati ya watu 15. Ikifika watu 200, tangazo la saa 3 limezikwa saa 4 chini ya pongezi, video za mahubiri na matangazo ya viwanja. Chama kinachoitegemea kiweke grupu mbili: moja ya matangazo, ambamo wasimamizi pekee wanaandika, na nyingine ya mazungumzo.

Ubao wa ghalani pia bado una kazi, ilimradi karatasi ya mwaka juzi iondolewe.

Namba ya mtu si mali ya ofisi

Kumfahamu mwanachama vizuri ni kumwekea kumbukumbu nyingi: ekari, mkopo, mapato, pengine afya. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na ofisi ya kamishna wake hutoza faini. Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kwa chama cha kawaida, tahadhari ni chache. Fomu ya uanachama ieleze namba itatumika kwa kazi gani, na mwanachama atie sahihi. Orodha isiuzwe wala isipewe mgombea wa kisiasa. Majina ya wadaiwa yasibandikwe ubaoni wala kumwagwa kwenye grupu. Anayetaka kuondolewa aondolewe. Na mfanyakazi akiacha kazi, neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo.

Kupunguza na kupima

Matarajio yawe ya kadiri. Jumbe za Mumias ziliporudiwa katika jaribio la pili hazikuonyesha faida yoyote ya maana. Kampuni yenyewe iliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019. Ujumbe mzuri haufuti madeni. Raissa Fabregas, Michael Kremer na Frank Schilbach, walipokusanya tafiti za ushauri wa kilimo kwa simu katika jarida la Science mwaka 2019, walikadiria kwamba mavuno huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Si nyingi, ila ujumbe hugharimu kidogo, kwa hiyo hesabu inaweza kulipa. Hailipi ikiwa kila idara inatuma zake bila kuulizana.

Mtu mmoja apewe mamlaka ya kukataa ujumbe, na kila idara imweleze ujumbe wake unamsaidia nani kuamua nini. Usiokuwa na jibu usubiri.

Chama kitakachoanza Januari kina wiki kama kumi kabla ya mvua za kupandia. Wiki mbili za kwanza zitumike kusafisha rejista na kujaza daftari la safu tano. Februari orodha tatu ziwe tayari, namba ya malalamiko iwe na mwenyewe, na ujumbe wa kwanza ujaribiwe kwa wanachama 50 wa kituo kimoja, huku kituo jirani kikiendelea na utaratibu wa zamani ili pawe na cha kulinganisha. Mwisho wa Aprili kamati iketi na daftari la ghala na la simu, ihesabu wangapi katika kila kituo walichukua mbolea siku waliyopangiwa, waliojibu SHIDA walisaidiwa baada ya saa ngapi, na ujumbe upi ufutwe kabla ya mbolea ya kukuzia kuanza kutolewa.